Njia Isiyopitwa na Motokari
Siku mbili juu ya baisikeli katika nchi ya Bourgogne, Ufaransa

Kwetu baisikeli, au kinga kama wengi wetu wanavyoiita, ni punda wa mtu asiye na mali. Huchukua makala na mihogo, madumu ya mafuta ya mawese, mgonjwa anayepelekwa kwa daktari, na mara nyingine bibi arusi pamoja na sanduku lake. Mwenye baisikeli kwetu mara nyingi haipandi. Anaisukuma, jasho likimtoka, mpaka afike sokoni. Kwa hiyo mtu akituambia kwamba ng'ambo ya bahari wako watu wenye motokari nyumbani, nao huziacha, wakapanda baisikeli siku mbili, siku tatu, hata juma zima, bila mzigo wa kuuza na bila haraka yo yote, tutacheka na kusema: Wazungu wana mambo! Sisi nasi tulicheka hivyo. Leo tunapenda kuwaeleza, wasomaji wapendwa, kwa nini tumeacha kucheka.

Lakini mbele ya kuanza safari, yatupasa kuwaambia tulikwenda na moyo wa namna gani. Mwaka uliotangulia, mtoto mmoja wa darasa la tano katika shule yetu aligongwa na kamyo. Ilikuwa asubuhi mapema, ukungu haujaondoka. Mtoto alikuwa juu ya baisikeli ya baba yake, gunia la makala nyuma, akitaka kuliacha sokoni kisha awahi masomo. Barabara pale ni nyembamba. Upande mmoja ni mfereji, upande wa pili ni ukingo wa udongo. Hakuwa na mahali pa kukimbilia. Tulimzika siku ya pili. Baba yake hakulia mbele ya watu. Alitushika mkono penye kaburi, akauliza neno moja tu: “Bwana Mwalimu, barabara ni ya nani?” Hatukuwa na jibu. Swali lile tulilichukua mpaka Ulaya, wala hatukuliweka chini.

Reli iliyokufa

Tulialikwa na parokia moja ya Bourgogne iliyo na urafiki na parokia yetu. Nchi hiyo iko upande wa mashariki wa Ufaransa, katikati ya Paris na Lyon. Ni nchi ya vilima vya chini, mizabibu, ng'ombe weupe na makanisa ya mawe ya kale. Mwenyeji wetu alikuwa mwalimu kama sisi, mzee wa miaka 72 aliyekwisha kupumzishwa kazi. Siku ya tatu akatuambia: “Kesho, Mwalimu, tutatembea. Mimi nitapanda baisikeli yangu, na wewe utapanda ya mke wangu.” Tuliitazama: nyekundu, yenye kikapu mbele na kengele ndogo. Tulishukuru kwa adabu, tukafurahi moyoni kwamba wanafunzi wetu walikuwa mbali.

Njia tuliyoifuata huanza katika mji mdogo wa Givry, karibu na Chalon-sur-Saône, ikashuka kusini mpaka Cluny, na kutoka Cluny mpaka karibu na Mâcon. Yote pamoja ni karibu kilometa 70. Zamani ilikuwa njia ya gari-moshi. Treni zilipita hapo zikichukua divai, mawe, ng'ombe na watu wa vijijini. Ndipo motokari na mabasi yakaongezeka, wasafiri wa treni wakapungua. Tangu miaka ya 1930, na hasa tangu 1938, kampuni za reli zilipofanywa kuwa shirika moja la taifa, reli nyingi ndogo za Ufaransa zilifungiwa abiria moja baada ya moja. Njia hii nayo ikafuata. Vyuma viling'olewa, miiba ikaota, na vituo vikabaki na saa zisizoonyesha saa.

Mwaka 1997 wakubwa wa wilaya walifungua sehemu ya Givry mpaka Cluny, kilometa 44, kwa matumizi mapya. Waliisafisha, wakatandaza lami laini yenye upana wa kama mita tatu, wakaipa jina la Voie Verte, maana yake Njia ya Kijani. Ilikuwa ya kwanza ya jina hilo katika Ufaransa, na baada yake nyingine nyingi zilifanywa, juu ya reli za kale na kandokando ya mifereji ya mashua. Tarehe 16 Septemba 2004 amri ya serikali iliingiza jina hilo katika sheria za barabara: Njia ya Kijani ni barabara iliyotengwa kwa vyombo visivyo na mota, kwa watembeao kwa miguu na kwa wapanda farasi. Ubao wake ni wa buluu, nao una picha za hao watatu: mtu, baisikeli na farasi. Motokari haimo.

Tulisimama mbele ya ubao huo kitambo. Mwenyeji alidhani tunasoma Kifaransa kwa taabu. Sivyo. Tulikuwa tunasoma jibu moja la swali la yule baba: iko barabara, katika dunia hii, ambayo sheria imesema ni ya mtu anayekwenda kwa nguvu ya miguu yake.

Injini ilitutangulia

Jambo la kwanza tuliloliona ni kwamba hatukuchoka. Sisi si kijana tena, na tumbo la mwalimu linajulikana. Tulimwuliza mzee kwa nini vilima vyote viko kulia na kushoto, wala hakuna hata kimoja mbele yetu. Akacheka. “Gari-moshi ni zito,” alisema, “nalo halipendi mlima. Walioijenga reli walikata vilima, wakajaza mabonde, wakazunguka pasipowezekana. Kazi yote ya kupanda waliifanya wao. Wewe unakula matunda ya jasho la watu waliokufa zamani.” Ni kweli. Mahali pengine tulipita katikati ya kuta za mwamba uliokatwa kwa sururu. Mahali pengine tulikuwa juu ya tuta, na mashamba ya mizabibu chini yetu kama jamvi lililotandikwa.

Jambo la pili ni masikio. Mtu akizoea barabara ya motokari husikia mlio mmoja tu, na kichwa chake hakigeuki ila kwa hofu. Pale tulisikia mnyororo wa baisikeli, ndege, maji chini ya daraja, kengele ya kanisa la Buxy ikigonga saa tatu, na mtu aliyekohoa shambani mbali. Tulizungumza kwa sauti ya chini, wawili sambamba, kama watu waketio barazani.

Jambo la tatu ni wale tuliokutana nao. Tulitazamia vijana wenye nguvu, waliovaa kama washindani wa Tour de France, yale mashindano yaliyoanza mwaka 1903. Hao walikuwako, wakatupita. Lakini wengi walikuwa wengine kabisa: bibi mwenye mvi akitembeza mbwa, baba aliyevuta kigari chenye mtoto aliyelala, msichana katika kiti cha magurudumu, na dada yake akikimbia kando, na mtoto wa miaka mitano hivi anayejifunza baisikeli, mama yake nyuma akiwa ameachilia mkono bila mtoto kujua. Alipogeuka akaona yuko peke yake, alianguka majanini. Hakuna aliyepiga ukelele. Alipanda tena. Sisi tulishika breki tukatazama mpaka alipopotea kwenye kona. Kwetu mtoto akianguka njiani, mama haangalii goti lake kwanza. Anaangalia kama kamyo inakuja.

Hatutaki kusifu mno. Njia hiyo hukatwa mara nyingi na barabara za mashamba na za vijiji, na hapo imewekwa miti ya kumpunguza mwendo mpanda baisikeli. Lazima asimame, atazame, ndipo avuke. Tena iko sheria. Tangu tarehe 22 Machi 2017, mtoto wa chini ya miaka 12 katika Ufaransa hana ruhusa kupanda baisikeli bila kofia ngumu. Mtu hushika upande wa kulia, hupiga kengele mbele ya kumpita mwenye miguu, naye mwenye miguu huinua mkono kushukuru. Uhuru wa njia ile umetengenezwa kwa adabu nyingi ndogo.

Tairi lililotoboka

Baada ya Saint-Gengoux-le-National, mji ulioitwa zamani Saint-Gengoux-le-Royal, yaani wa Kifalme, na leo unaitwa wa Taifa, tairi letu la nyuma lilitoboka. Mwenyeji alipindua baisikeli ya mke wake juu ya majani, akatoa mpira wa ndani, akautafuta mwanya kwa shavu lake kama fundi wa kwetu. Tulipomshikia kiraka, tukamwambia habari asiyoitazamia.

Tairi lenye upepo ndani lilipata hati mwaka 1888, kwa juhudi ya John Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast. Alikuwa amelitengeneza kwa ajili ya baisikeli ndogo ya magurudumu matatu ya mwanawe. Mwaka 1891 ndugu wawili Michelin, wa Clermont-Ferrand, wakatoa tairi linalofunguka upesi ili litiwe kiraka, na mwaka ule ule Charles Terront akalitumia kushinda mashindano ya kutoka Paris mpaka Brest na kurudi. Tangu hapo Ulaya na Marekani zikashikwa na homa ya baisikeli, na homa ile ikataka mpira. Mashamba ya mipira ya Asia hayajaanza kuzaa. Mpira ulitoka katika misitu ya Amazon, na sehemu nyingine katika misitu yetu ya Kongo. Katika zamani za Dola Huru la Kongo, chini ya mfalme Leopold wa Pili, kati ya 1885 na 1908, wazee wetu walilazimishwa kuingia msituni kukamua mimea itambaayo yenye utomvu. Asiyetimiza kipimo alipigwa kiboko. Wake walifungwa kuwa rehani. Watu walikatwa mikono. Vijiji vilihama, na wengi walikufa.

Mzee alibaki na mpira mkononi. Mwishowe akasema: “Nimefundisha historia miaka 35, na kiraka nimetia mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Mambo hayo mawili sikuyaunganisha hata siku moja.” Hatukusema hayo ili kumwaibisha, yeye hakuwako, wala sisi hatukuwako. Lakini mtu anayetembea polepole ana nafasi ya kujua kile kinachombeba. Tulijaza upepo, tukaendelea, na kwa kilometa kadhaa hakuna aliyezungumza.

Tulipumzika Cormatin, mbele ya lile jumba kubwa la karne ya 17 lenye mfereji wa maji kulizunguka. Tulikula mkate, jibini ya mbuzi na zabibu kavu, tukanywa divai kidogo, kwa kuwa ugeni una amri zake. Hapo ikawa zamu ya mzee kufundisha. Alitueleza habari za Paul de Vivie, aliyezaliwa mwaka 1853 na kujulikana kwa jina la Vélocio. Yeye, katika mji wa Saint-Étienne, alianzisha mwaka 1887 gazeti lililoitwa baadaye Le Cycliste, akapigania gia za kubadilisha mwendo, akawafundisha Wafaransa kwamba baisikeli si chombo cha kushindana tu, bali ni chombo cha kuiona nchi, kwa kiasi katika kula, kunywa na kwenda. Waalimu na makarani walimfuata. Lakini wafanya kazi wa viwanda hawakuwa na siku za kutembea, mpaka sheria ya Juni 1936 ilipowapa Wafaransa majuma mawili ya likizo yenye mshahara. Kiangazi kile wengi wao waliiona bahari mara ya kwanza, wakienda kwa treni au wawili wawili juu ya baisikeli moja ndefu. Mbele kidogo ya hapo Marc Sangnier, Mkatoliki aliyependa sana amani, alikuwa amekwisha kuanzisha katika Ufaransa nyumba za bei ndogo za kulaza vijana wasafiri.

“Na huyo Vélocio,” tuliuliza, “alikufaje?” Mzee alisita. “Aligongwa na tramu, mjini Saint-Étienne, mwaka 1930.” Basi hata yeye, baba wa watembezi. Tulifunga mkate uliobaki.

Mahali palipovunjwa

Kabla ya Cluny njia hupita chini ya kilima cha Taizé. Huko ndiko alikokuja Ndugu Roger mwaka 1940, akaanzisha jamaa ya ndugu wa madhehebu mbalimbali wasalio pamoja. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alifika hapo mwaka 1986, na vijana wa nchi nyingi hufika hata leo. Tulikutana nao njiani, wakiwa na mifuko mgongoni, wakiimba. Wengine walikuwa weusi kama sisi, wakatusalimu kwa kutikisa mkono.

Jioni tukaingia Cluny. Wanafunzi wa historia wanalijua jina hili. Mwaka 910 Guillaume, mtemi wa Aquitaine, aliwapa wamonaki wa Mtakatifu Benedikto shamba lake la Cluny, akaliweka chini ya ulinzi wa Watakatifu Petro na Paulo ili mkubwa wa dunia asiwe na amri juu yake. Kutoka hapo monasteri mamia zilisimama katika Ulaya. Mwaka 1088 Abate Hugo Mtakatifu alianza kujenga kanisa lenye urefu wa mita 187, lililokuwa kubwa kupita makanisa yote ya Wakristo mpaka lilipojengwa upya la Mtakatifu Petro mjini Roma.

Leo ukiingia mjini unalitafuta kanisa hilo, hulioni. Wakati wa mapinduzi ya Wafaransa wamonaki walifukuzwa. Mwaka 1798 majengo yaliuzwa, na wanunuzi wakayabomoa ili kuuza mawe, kazi iliyoendelea mpaka mwaka 1823. Barabara ilipitishwa katikati ya kanisa. Mawe mengine yalijenga nyumba, mengine mazizi ya farasi wa serikali. Umebaki mkono mmoja wa kusini wa ule msalaba wa jengo, na mnara uitwao Mnara wa Maji ya Baraka. Ukisimama ndani ya mkono huo, kichwa kinaegemea mgongoni ndipo uone dari. Kutoka hapo unapima kwa akili ukubwa wa mwili uliokatwa.

Katika mahali pale tulikumbuka jambo moja. Abate wa tano wa Cluny, Odilo Mtakatifu, aliamuru katika monasteri zake, karibu na mwaka 1000, kwamba siku inayofuata sikukuu ya Watakatifu Wote iwe siku ya kuwaombea waamini marehemu wote. Kanisa lote lilipokea desturi ile. Ndiyo tarehe 2 Novemba yetu, tunapong'oa majani makaburini na kuwasha mishumaa. Tulipokuwa watoto tulidhani siku hiyo ilitoka mbinguni moja kwa moja. Ilitoka hapa, katika nyumba iliyovunjwa, na nyumba ilipovunjwa sala haikuvunjika. Tulimwombea mwanafunzi wetu kwa jina lake la ubatizo. Mzee alisimama karibu nasi, kofia mkononi. Hakuuliza, nasi tukamweleza tukiwa tumeketi nje juu ya jiwe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno ambalo hatukulitazamia.

“Mimi, Mwalimu, nilipinga njia hii. Mama yangu alipanda treni hapa akiwa msichana, kwenda kujifunza ushonaji. Walipoleta habari za baisikeli nilisema: reli ya mama yangu iwe mahali pa kuchezea wenye likizo! Nilitaka treni irudi. Treni haikurudi, na miiba iliendelea kuota. Siku moja nikaona wajukuu wangu wanakwenda peke yao kwa shangazi yao, kilometa nne, bila mtu mkubwa, na mama yao yuko nyumbani anapika, wala hatazami dirishani. Tangu siku hiyo nimenyamaza.”

Popo na usingizi wao

Asubuhi tulielekea kusini. Mbali kidogo na mji tulisikia ngurumo fupi, ikapita kabla hatujageuza shingo: ni treni ya kasi kati ya Paris na Lyon, juu ya reli iliyofunguliwa mwaka 1981. Abiria wake wanaivuka nchi hii yote kwa muda wa kusoma ukurasa mmoja wa gazeti. Sisi tuliitumia siku mbili, na hatukuona wivu.

Kisha tukafika penye tundu la Bois Clair. Ni handaki la reli ya kale, lililotobolewa chini ya kilima, nalo lina urefu wa kilometa 1 na mita 600. Baridi yake hutoka kukulaki nje mlangoni, tulivaa koti. Ndani taa hafifu zinawaka, maji yanadondoka, na sauti ya mtu hurudi kwake imekuwa ya jitu. Mzee alitueleza kwamba wakati wa baridi milango hufungwa, kwa sababu popo hulala humo mpaka siku za joto. Na muda wote huo mwenye baisikeli hupanda kilima kwa jasho lake.

Tulilitafakari jambo hilo gizani. Hatuwacheki popo, nao ni viumbe vya Mungu, na watu wanaovikumbuka viumbe vidogo hivi wametenda vema. Lakini moyo ulisema: hapa popo amepewa miezi yake ya kulala njiani, na mtoto wetu hakupewa hatua moja ya kando.

Ng'ambo ya kilima ilikuwa kama nchi nyingine. Jua lilizidi, ngome ya Berzé-le-Châtel ilisimama juu ya mizabibu, na upande wa kuume ukaonekana mwamba wa Solutré, umekatwa wima kama mkate. Vijiji hivi alivikulia mshairi Alphonse de Lamartine, aliyezaliwa Mâcon mwaka 1790 na kulelewa Milly. Waafrika wanayo sababu ya kulijua jina lake: alikuwa mmoja wa wakubwa wa serikali ya muda iliyotoa amri ya tarehe 27 Aprili 1848 ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Ufaransa, amri iliyopiganiwa hasa na Victor Schoelcher.

Njia ya Kijani iliishia Charnay-lès-Mâcon, mbele kidogo ya mji. Kutoka hapo mpaka mto Saône ilitubidi kuingia barabara ya watu wote. Zilikuwa dakika chache tu. Lakini motokari ya kwanza ilipotupita karibu na kiwiko, mabega yetu yalipanda yenyewe mpaka masikioni, na mikono ikashika usukani kama mtu ashikaye tawi juu ya maji. Tulishangaa: je, ndivyo tunavyokwenda maisha yetu yote nyumbani? Ndivyo. Siku mbili za amani zilikuwa zimetufundisha jina la hofu tuliyoizoea.

Tuliporudi nyumbani

Mwenye busara atasema: “Mwalimu, huko wana fedha na lami.” Tunajua. Hatuna reli za kale za kutandaza lami, na zile tulizo nazo twazitaka zibebe treni. Lakini katika ile njia tuliona kwamba fedha haikuwa neno la kwanza. La kwanza lilikuwa kukata shauri, kusema: ukanda huu mwembamba ni wa mwenye miguu, wala asiye na haki asiingie.

Tulipofika tulikwenda kwa baba wa yule mtoto. Tulimsimulia yote, hata ya popo. Alikaa kimya, akachonga mpini wa jembe. Kisha akasema: “Bwana Mwalimu, kutoka kapela mpaka shule, nyuma ya ule ukingo wa udongo, palikuwa na njia ya zamani ya kwenda mtoni. Majani yameifunika. Watoto wakipita huko, hawataigusa barabara mpaka penye daraja.” Tulikwenda kwa mkubwa wa kijiji, naye akawaita wenye mashamba ya kando. Mmoja alikataa, akisema mihogo yake itaibwa. Tulimwendea mara tatu; mara ya tatu alitoa hatua mbili za shamba lake.

Sasa kila Jumamosi, baada ya kazi za nyumbani, wazazi na wanafunzi wakubwa hukutana hapo na majembe na mapanga. Kazi si nyepesi, na mvua hurudisha tuliyoyang'oa. Tumekwisha kufungua mita 600. Zimebaki kama 900 na kijito kimoja kinachotaka daraja la miti. Wakati huohuo, wazazi, yashikeni haya. Mtoto asitumwe na gunia barabarani kabla ya jua kuwaka. Baisikeli iwe na breki mbili na kengele, na nyuma kitambaa cheupe. Nanyi wenye kamyo mnaosoma kurasa hizi, mkifika penye shule, ondoeni mguu.

Baba yule huja kila Jumamosi mbele ya wote. Baisikeli yake, ile ile, ameinyosha gurudumu. Nayo ndiyo inayochukua mawe ya kujazia mashimo.